Kata Tatu, Kiti Kimoja: Jinsi Madiwani wa Viti Maalum Wanavyopatikana

Matokeo ya udiwani husomwa katika kata. Msimamizi msaidizi wa uchaguzi hutangaza kura za kila mgombea, humtaja mshindi, na fomu ya matokeo hubandikwa ukutani. Wakazi huondoka wakiwa na jina moja kichwani. Wiki chache baadaye, Baraza la Madiwani linapokutana kwa mara ya kwanza kula kiapo, ukumbini huonekana wajumbe wengi kuliko idadi ya kata. Wapo wanawake ambao majina yao hayakuwamo katika karatasi yoyote ya kura, wala picha zao hazikubandikwa katika mbao za matangazo za kijiji chochote. Hao ni madiwani wa viti maalum. Wana kura kamili barazani na wanaketi katika kamati za kudumu. Katika maamuzi yanayopita kwa tofauti ndogo, kura zao ndizo zinazoamua.

Wakazi wengi wa kata, kuanzia Kibungo Juu milimani hadi Ngerengere kwenye reli, humfahamu diwani wao wa kata kwa jina na kwa nyumba. Ni wachache wanaoweza kueleza diwani wa viti maalum ametoka wapi, nani alimchagua, na kwa nini chama fulani kimepata viti saba ilhali kingine hakikupata hata kimoja. Majibu yote yamo katika sheria, nayo si magumu kama yanavyodhaniwa. Jambo la kwanza la kufahamu ni kwamba viti hivyo ndiyo sehemu pekee ya halmashauri zetu inayopatikana kwa uwakilishi wa uwiano, yaani utaratibu wa kugawa viti kwa vyama kulingana na mafanikio ya kila chama katika uchaguzi, badala ya mshindi mmoja wa eneo kuchukua kila kitu.

Viti hivi vilikotoka

Halmashauri za wilaya zilivunjwa mwaka 1972 chini ya mpango wa Madaraka Mikoani, zikarejeshwa kwa sheria zilizotungwa mwaka 1982 na kuanza kazi tena mwaka 1984. Sheria hizo ndizo zinazotumika hadi leo, pamoja na marekebisho mengi: Sura ya 287 kwa mamlaka za wilaya, kama Halmashauri ya Wilaya ya Morogoro yenye kata 31, na Sura ya 288 kwa mamlaka za miji, kama Manispaa ya Morogoro yenye kata 29. Ndani ya sheria hizo Baraza la Madiwani lina sehemu kuu tatu: diwani mmoja aliyechaguliwa na kila kata, wabunge wa majimbo yaliyomo katika halmashauri, na wanawake wa viti maalum ambao idadi yao haipungui theluthi moja ya wajumbe waliochaguliwa. Katika miaka ya 1990 sehemu hiyo ilikuwa robo, kisha ikapandishwa kuwa theluthi. Kwa halmashauri yenye kata zipatazo thelathini, kama zilivyo hizi mbili, theluthi hiyo ni takribani viti 10.

Sababu ya kuwapo kwa viti hivyo inafahamika. Katika uchaguzi wa kata wanawake wachache hupitishwa na vyama kugombea, na wachache zaidi hushinda. Baraza linaloamua zahanati ya kijiji ijengwe wapi, au ushuru wa mazao utozwe vipi mnadani, lingekuwa karibu lote la wanaume. Kwa watu wa Uluguru suala hili lina historia yake ya pekee. Katika mila za Waluguru ardhi na nasaba hufuata ukoo wa mama. Mtoto ni wa lukolo la mama yake, na shamba la mlimani lilirithiwa kwa njia hiyo. Hata hivyo aliyesimama kuusemea ukoo kwa kawaida alikuwa mjomba. Mali ilipita kwa mwanamke na sauti ikapita kwa mwanamume. Na pale ambapo hapakuwa na sauti yoyote ya wakulima, gharama yake ilionekana: mwaka 1955 serikali ya kikoloni ilipowalazimisha wakulima wa Uluguru kuchimba matuta ya ngazi kwenye miteremko yao, amri ikishushwa kupitia utawala wa kichifu bila wenye majembe kuulizwa, upinzani ulilipuka Matombo na mpango mzima ukaachwa.

Hesabu yenyewe

Mgawanyo wa viti maalum vya madiwani hutokana na idadi ya kata ambazo kila chama kimeshinda katika halmashauri husika. Hauangalii jumla ya kura. Huangalia kata zilizoshindwa. Kwa kuwa viti maalum ni theluthi, ipo kanuni ya haraka ambayo mkazi yeyote anaweza kuitumia akiwa na matokeo ya kata zote mkononi: kila kata tatu zinazoshindwa na chama huzaa, kwa makadirio, kiti maalum kimoja.

Mfano wa kubuni utalifanya jambo hili lionekane. Tuseme halmashauri ina kata 30 na viti maalum 10. Chama cha kwanza kimeshinda kata 18, cha pili kata 9, na cha tatu kata 3. Chama cha kwanza kinapata viti maalum 6, cha pili 3, na cha tatu 1. Jumla ni 10 na hakuna kilichobaki.

Hesabu halisi mara nyingi haikubali kugawanyika vizuri hivyo. Katika halmashauri yenye kata 31 na viti maalum 11, chama chenye kata 20 kinastahili viti 7 na sehemu ndogo. Chenye kata 8 kinastahili viti 2 na zaidi ya nusu. Chenye kata 3 kinastahili kiti 1 na sehemu ndogo sana. Viti vizima vikigawiwa vinafika 10, na kimoja kinabaki. Duniani zipo njia kadhaa za kukigawa kiti kinachobaki. Iliyo rahisi kueleweka ni ya salio kubwa: kiti huenda kwa chama chenye sehemu kubwa zaidi iliyosalia, ambacho katika mfano huu ni kile chenye kata 8, kikafikisha viti 3. Njia nyingine hugawanya idadi ya kata za kila chama kwa 1, kwa 2, kwa 3 na kuendelea, kisha hutoa viti kwa majibu makubwa zaidi hadi viti viishe. Katika mfano huu njia zote mbili zinatoa jibu lilelile: 7, 3 na 1. Tofauti kati ya njia hizi hujitokeza pale vyama vinapokuwa vingi na vikaribiane sana.

Hesabu na uteuzi hufanywa na Tume Huru ya Taifa ya Uchaguzi. Si kazi ya Mkurugenzi Mtendaji wa Halmashauri kuchagua majina, wala si ya baraza lenyewe. Vyama huwasilisha kwa Tume orodha ya wanawake wanaopendekezwa kwa kila halmashauri, majina yakiwa yamepangwa kwa mfuatano. Tume ikishajua chama kina viti vingapi, huteua kwa kufuata mpangilio wa orodha. Chama kikipata viti 3, wa kwanza hadi wa tatu wanakuwa madiwani, na wa nne anasubiri.

Karatasi mbili, hesabu mbili

Hapa ndipo wengi huchanganyikiwa, na si kosa lao. Siku ya uchaguzi mkuu mpiga kura wa Tanzania Bara hupewa karatasi ya Rais, ya mbunge na ya diwani. Wabunge wanawake wa viti maalum nao hupatikana kwa uwiano, lakini uwiano wao ni wa aina nyingine kabisa. Kwa mujibu wa Ibara za 66 na 78 za Katiba, viti hivyo hugawiwa kwa kuzingatia kura ambazo kila chama kimepata nchi nzima katika uchaguzi wa wabunge, na chama kisichofikisha asilimia 5 ya kura halali hakipati kitu. Kwa hiyo karatasi ya mbunge huhesabiwa mara ya pili kama kura. Karatasi ya diwani haihesabiwi mara ya pili. Kinachohesabiwa ni ushindi wa kata.

Uzito wa tofauti hiyo ulionekana wazi katika uchaguzi mkuu wa mwaka 2010. CCM ilishinda majimbo 186, CUF 24, CHADEMA 23, NCCR-Mageuzi 4, na TLP na UDP jimbo mojamoja. Viti maalum vya Bunge vilikuwa 102. CUF ilikuwa na jimbo moja zaidi ya CHADEMA. Hata hivyo, viti maalum vilipogawiwa, CCM ilipata 67, CHADEMA 25 na CUF 10. Majimbo mengi ya CUF yalikuwa Zanzibar, ambako jimbo moja huwa na wapiga kura wachache; kura za CHADEMA zilitawanyika Bara, zikiwamo nyingi za maeneo ambako ilishindwa. NCCR-Mageuzi, pamoja na majimbo yake manne, haikuvuka asilimia 5 na haikupata kiti maalum hata kimoja.

Laiti viti hivyo 102 vingegawiwa kwa idadi ya majimbo, kama vinavyogawiwa vya madiwani kwa idadi ya kata, CHADEMA na CUF zingepata takribani viti 10 kila moja, na vyama vidogo vingeweza kunusa kiti kimoja au viwili. Uchaguzi ni uleule na wapiga kura ni walewale, lakini wanawake kumi na watano hivi wangebaki nyumbani, na wengine wangeapishwa badala yao. Anayedhani kanuni ya kugawa viti ni jambo la makarani peke yao atazame tarakimu hizo kwa makini.

Turudi sasa katika halmashauri. Tuseme, kwa mfano mwingine wa kubuni, kata ni 30, kila moja ina kura halali 1,000, na vyama ni viwili tu. Katika kila kata chama cha kwanza kinapata kura 520 na cha pili kura 480. Chama cha kwanza kimeshinda kata zote 30. Kwa kuwa viti maalum hufuata kata, kinachukua pia viti vyote 10. Baraza zima ni la chama kimoja, ingawa wapiga kura 14,400 kati ya 30,000 waliunga mkono kingine. Kama kura zenyewe ndizo zingehesabiwa, viti maalum vingegawanyika vitano kwa vitano.

Mfano huo umetiwa chumvi makusudi. Katika maisha halisi nguvu za vyama hazilingani namna hiyo katika kila kata. Lakini mwelekeo wake ni wa kweli: uwiano wa kata hukuza ushindi wa aliyeshinda kata nyingi, na haumpi aliyeshindwa kila mahali chochote cha kujifariji. Kuna jambo jingine linalofuatana na hilo. Katika uchaguzi wa mwaka 2020 wagombea wengi wa udiwani nchini walitangazwa kupita bila kupingwa. Kata ya namna hiyo, ambayo hakuna aliyeipigia kura ya udiwani, iliingia katika hesabu ya viti maalum kwa uzito uleule wa kata ambayo watu walipanga foleni tangu alfajiri.

Utetezi wa utaratibu huu nao upo, na haufai kupuuzwa. Baraza la Madiwani ni chombo cha kutekeleza, kinachohitaji kupitisha bajeti kila mwaka na kusimamia watendaji. Wingi ulio imara humwezesha mwenyekiti na kamati zake kufanya kazi bila kukwama. Hesabu ya kata ni rahisi kukaguliwa na mtu yeyote mwenye kalamu. Hata hivyo neno uwiano, likitumiwa bila maelezo, humfanya mkazi aamini kwamba kila kura imepimwa, jambo ambalo kwa madiwani silo linalofanyika.

Majirani wanafanyaje

Kenya, chini ya Katiba yake ya mwaka 2010, ina viti maalum katika mabunge ya kaunti zake 47. Navyo hugawiwa kwa idadi ya viti vya wadi ambavyo kila chama kimeshinda, kama ilivyo kwetu. Tofauti iko katika idadi. Huko sheria haitaji theluthi ya kudumu; inataka jinsia moja isizidi theluthi mbili ya bunge la kaunti. Wanawake wakishinda wadi nyingi, viti vya kuongeza hupungua. Wakishinda chache, huongezeka. Nchini Tanzania idadi haishuki hata kama kata nusu zingeshindwa na wanawake. Aidha, orodha za vyama nchini Kenya huwasilishwa kwa tume ya uchaguzi kabla ya siku ya kupiga kura.

Afrika Kusini imekwenda mbali zaidi. Mpiga kura wa halmashauri hupewa karatasi ya kumchagua diwani wa wadi na karatasi nyingine ya kuchagua chama. Viti vya orodha hutumika kusawazisha, hivyo kwamba jumla ya viti vya chama barazani inakaribia jumla ya kura zake. Chama kilichoshindwa katika kila wadi kwa kura chache, kama kile cha mfano wetu, huko kingeingia barazani na karibu nusu ya wajumbe. Gharama yake ni mabaraza ambayo mara kwa mara hayana chama chenye wingi, na miungano inayovunjika katikati ya muhula.

Kwa kulinganisha na chombo kilicho karibu zaidi na mwananchi: katika uchaguzi wa serikali za mitaa, kama ule wa tarehe 27 Novemba 2024, nafasi za wanawake katika Halmashauri ya Kijiji hupigiwa kura na wanakijiji wenyewe. Mwanamke wa viti maalum wa kijiji ana uso unaojulikana na kura zinazoweza kuhesabiwa. Ni katika ngazi ya kata kwenda juu ndipo orodha ya chama inapochukua nafasi ya sanduku la kura.

Nani hupanga majina

Kwa kuwa Tume huteua kwa kufuata orodha, mashindano yenyewe hufanyika ndani ya vyama, miezi kadhaa kabla ya kampeni. Kila chama kina taratibu zake, na jumuiya za wanawake za vyama ndizo zenye neno kubwa. Baadhi huzingatia tarafa, ili orodha isijae majina ya wakazi wa makao makuu peke yao. Katika halmashauri yenye umbo kama la Wilaya ya Morogoro, jambo hilo si dogo. Tarafa za Matombo na Mkuyuni ziko miteremkoni, kwenye migomba, karafuu, mdalasini na pilipili manga. Ngerengere iko tambarare, kwenye mifugo na reli. Mwanamke anayetembea kutoka Tegetero akiwa na mzigo wa ndizi kichwani na yule anayetafuta maji Ngerengere wakati wa kiangazi hawana orodha moja ya shida. Sheria hailazimishi chama kugawa viti kwa tarafa. Chama kikiweka majina matano ya kwanza kutoka tarafa moja, Tume itateua hayo matano.

Kwa mkazi ambaye si mwanachama wa chama chochote, huu ndio upungufu mkubwa wa utaratibu. Anaweza kumwadhibu diwani wa kata yake baada ya miaka mitano. Diwani wa viti maalum hawezi kumfikia kwa kura. Anayeweza kumpandisha au kumshusha katika orodha ni chama. Si ajabu, basi, kwamba baadhi ya madiwani hao huonekana zaidi katika vikao vya chama kuliko katika mikutano ya vijiji, ingawa wapo pia wanaofanya kazi kwa bidii inayowashinda wenzao wa kata.

Anachoweza kufanya, na asichoweza

Barazani diwani wa viti maalum hana hadhi pungufu. Hupiga kura katika kumchagua mwenyekiti wa halmashauri na makamu wake, katika bajeti, na katika kutunga sheria ndogo. Huuliza maswali kwa watendaji kama diwani mwingine yeyote. Huingia katika kamati za kudumu, ikiwamo ya Fedha, Uongozi na Mipango, ambako makadirio hupita kabla ya kufika barazani.

Mambo yanayoamuliwa humo yanamgusa mkazi moja kwa moja. Halmashauri hutenga asilimia 10 ya mapato yake ya ndani kwa mikopo isiyo na riba ya vikundi: sehemu 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana na 2 kwa watu wenye ulemavu. Utoaji wa mikopo hiyo ulisitishwa mwaka 2023 ili kurekebisha utaratibu, kisha ukarejeshwa mwaka 2024. Kikundi cha akina mama wa Kinole kinachotaka mtaji wa kukausha viungo kina sababu ya kumjua diwani anayeweza kuuliza barazani kwa nini maombi ya kata fulani hayajashughulikiwa. Vivyo hivyo kwa sheria ndogo za kulinda vyanzo vya maji. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inakataza shughuli za kudumu za binadamu ndani ya mita 60 kutoka kingo za mito. Katika mabonde membamba ya Uluguru, ambako vijito vinavyoulisha mto Ruvu vinaanzia na ambako bustani ya mboga ndiyo ada ya shule, mita 60 ni shamba zima. Namna halmashauri inavyoisimamia sheria hiyo, kwa hekima au kwa faini, ni mjadala unaohitaji watu wanaolima hapo.

Katika kata, mamlaka yake ni tofauti. Mwenyekiti wa Kamati ya Maendeleo ya Kata ni diwani wa kata. Diwani wa viti maalum huingia katika kamati hiyo akiwa mjumbe, katika kata anakoishi, pamoja na wenyeviti wa vijiji au mitaa. Hawezi kuiongoza wala kuitisha vikao vyake kwa niaba ya diwani wa kata. Katika kata nyingine za halmashauri hana kiti katika kamati, ila hakuna kinachomzuia kupokea malalamiko ya wakazi wake na kuyafikisha barazani, kwa kuwa kiti chake hakina mpaka wa kata. Mivutano kati ya madiwani wa aina hizi mbili hutokea pale mmoja anapomwona mwenzake anajijengea jina ili aje kugombea kata hiyo baadaye. Mara nyingi ndivyo ilivyo, na wakazi wanaweza kunufaika na ushindani huo wakijua kuutumia.

Tofauti nyingine hujitokeza nafasi inapokuwa wazi kwa kifo, kujiuzulu au diwani kupoteza uanachama wa chama chake. Kwa diwani wa kata hufanyika uchaguzi mdogo, kampeni hurudi na masanduku hufunguliwa. Kwa diwani wa viti maalum hakuna uchaguzi. Waziri mwenye dhamana ya serikali za mitaa huiarifu Tume kuwa kuna nafasi wazi, na Tume humteua mwanamke mwingine wa chama kilekile kutoka orodha yake. Wakazi hupata habari kutoka taarifa ya Tume, na mara nyingine hawapati kabisa hadi wanapomwona mjumbe mpya.

Mkazi anayetaka kujua ni nani wanaoketi katika viti maalum vya halmashauri yake, na yupi anaishi karibu naye, anaweza kuuliza katika ofisi ya Mtendaji wa Kata, ambako orodha ya wajumbe wa Kamati ya Maendeleo ya Kata inapatikana, au katika ofisi ya Mkurugenzi Mtendaji. Mikutano ya kawaida ya Baraza la Madiwani hufanyika kila robo mwaka na iko wazi kwa wananchi kusikiliza. Matokeo ya udiwani ya kila kata hubaki katika kumbukumbu za uchaguzi, hivyo yeyote mwenye tarakimu hizo anaweza kugawanya kata za kila chama kwa tatu na kulinganisha jibu lake na idadi ya wanawake waliokula kiapo.